Jogoo Mmoja Anatosha: Mwongozo wa Kuku wa Uani Mbale

Kiwanja cha futi hamsini kwa mia kule Namakwekwe, Nkoma au Namatala hujaa upesi. Nyumba imechukua nusu, choo na kamba ya nguo vimechukua pembe yao, na kuku kumi wanagawana kilichobaki na watoto, madumu ya maji na sufuria zilizoanikwa. Hapo pana nafasi ya jogoo mmoja, lakini mara nyingi utawakuta wanne. Vifaranga waliangulwa, karibu nusu yao wakawa madume kama kawaida, na kila mmoja akabakizwa kwa ajili ya Krismasi, Idi au mgeni ambaye bado hajafika. Wakitimiza miezi mitano wanaanza kupigana, mitetea wanabaki na migongo mitupu, mtoto anaogopa kwenda chooni, na jirani anapunguza salamu.

Lawama zote humwangukia jogoo. Yeye anafanya alichoumbiwa kufanya: kuwapanda mitetea, kulinda, kushindana na kuwika. Idadi ya majogoo, ukubwa wao, nafasi waliyopewa na mwanga unaowafikia usiku hupangwa na mwenye kuku, na hupangwa mapema, pora akiwa bado na miezi mitatu au minne. Ukisubiri mpaka mtoto achanwe shavu, umechelewa.

Jiulize kwanza kama unamhitaji

Mtetea hutaga bila jogoo. Wako watu wengi, hata waliokulia kwenye nyumba zenye kuku, wanaoamini kwamba bila jogoo mayai yatakoma au yatapungua. Hayapungui. Kuku wa mayai wanaofugwa kibiashara huishi mabandani bila kumwona jogoo hata siku moja, na hutaga karibu kila siku. Jogoo ni wa lazima kwa jambo moja tu: mayai yatakayoatamiwa.

Kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula na kuuza, kutokuwa na jogoo ni faida. Yai lenye mbegu likikaa kwenye joto huanza kuumba kiinitete polepole, na jiko la nyumba ya mabati mwezi wa Januari au Februari huwa na joto hilo mchana kutwa. Mteja akipasua yai akakuta vijishipa vya damu, atahamia kwa mwingine. Yai lisilo na mbegu halina hatari hiyo.

Mwenye mitetea watano au sita, anayetaka vifaranga mara mbili tu kwa mwaka, anaweza kuazima jogoo. Mtetea huhifadhi mbegu mwilini mwake, kwa hiyo mayai huendelea kuwa na mbegu kwa wiki mbili hivi baada ya jogoo kuondoka. Mweke jogoo wa kuazima siku kumi. Acha siku tano za mwanzo zipite, kisha anza kukusanya mayai ya kuatamia, na unaweza kuendelea kukusanya wiki moja baada ya kumrudisha. Jambo la kuogopa hapa ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ugonjwa huo unaweza kufagia ua mzima kwa siku chache, na kuku mgeni ni mmojawapo wa milango yake. Azima kwa mtu unayejua anachanja kuku wake, na wako wawe wamechanjwa wiki tatu kabla mgeni hajaingia.

Kumchagua kabla hajakuchagulia

Ukiamua kuwa naye, hesabu ni jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi na wawili. Akiwa na watatu tu atawapanda hao hao siku nzima, na watachubuka.

Watu wengi humbakiza pora mkubwa kuliko wote, au mwenye rangi ya kupendeza. Mimi ningeanza kwa kumwaga konzi ya mahindi na kukaa kimya kutazama. Pora mwema huokota punje, huiachia, huiokota tena, huku akitoa sauti fupi fupi za kuita. Mitetea wakija mbio yeye husogea kando na kuwaacha wale. Mwingine hula kwanza mpaka ashibe. Wa tatu huita vizuri kabisa, lakini mtetea akishafika na kuinamisha kichwa anamrukia mgongoni. Huyo wa tatu muuze.

Kisha tazama anavyolinda. Mwewe huzunguka juu ya Mbale karibu kila siku, na ua wenye vifaranga hawaukosi. Jogoo aliye macho huinamisha kichwa upande mmoja, akitazama angani kwa jicho moja, halafu hutoa sauti nyembamba ya kuvuta, na kundi lote linajitosa chini ya migomba. Akiona mbwa au nguchiro anayekuja kwa ardhi, hupiga kelele nyingine kabisa, ya kukatakata na ya kurudiarudia. Watafiti wa tabia za ndege wamethibitisha kuwa hizo ni sauti mbili tofauti na kwamba mitetea hujibu kila moja kwa namna yake. Ukizizoea utajua ukiwa jikoni kama ukimbie na fimbo au utazame juu.

Usimbakize anayepiga vifaranga, anayemfungia mtetea kwenye kona mpaka alie, wala anayemvizia mtu kwa nyuma. Ukali hurithiwa kwa kiasi fulani, na jogoo mmoja mkali anaweza kukuzalia wengine wa aina yake. Wafugaji wa Pwani wanaowajua kuchi, wale kuku warefu wenye shingo ndefu na asili ya kupigana, watakuambia kuwa damu hiyo huonekana hata kwa machotara.

Kuna suala la uzito ambalo hapa kwetu limekuwa kubwa. Tangu Kuroiler, kuku wa asili ya India, waanze kuenezwa Uganda karibu na mwaka 2010, nyua nyingi zimekuwa na mchanganyiko wa Kuroiler na kienyeji. Jogoo wa Kuroiler hufika kilo tatu na kuzidi. Mtetea wa kienyeji ana kilo moja na nusu hivi. Uzito wa mara mbili ukipanda juu ya mgongo wake mara kadhaa kwa siku, ataumia, hata kama jogoo huyo ni mpole. Ukitaka kuchanganya damu, chukua jogoo wa kienyeji umpe mitetea wa Kuroiler, na mayai uwawekee mitetea wa kienyeji waatamie, maana Kuroiler ni mara chache kuatamia.

Migongo mitupu

Mshike mtetea usiku, akiwa ameshalala kwenye kichanja, umtazame kwa tochi. Jogoo akipanda hushika manyoya ya kisogo kwa mdomo, hupanda mgongoni na kukanyaga kwa miguu yote miwili ili asianguke. Kwa hiyo dalili za kwanza ziko kisogoni na katikati ya mgongo. Kidonda kibaya zaidi kiko mahali usipoona ukisimama: ubavuni, chini ya bawa, ambapo kipi cha jogoo, ule mwiba mgumu wa nyuma ya mguu, hupasua ngozi kwa kushuka. Bawa linafunika, nzi wanataga, na unagundua siku mtetea anapoanza kunuka. Inua mabawa yote mawili kila wiki.

Ukikuta kidonda, mtenge mtetea. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha mpake dawa ya zambarau ya vidonda. Rangi hiyo ina faida ya ziada, kwa kuwa kuku wenzake hudonoa chochote chekundu wanachokiona, nayo hukificha. Ngozi ikishafunga unaweza kumshonea kitambaa cha mgongoni kutoka kwenye suruali kuukuu ya jinzi: kipande cha upana wa kiganja, na kanda mbili za lastiki zinazopita chini ya mabawa. Kisibane. Ukague kila siku mbili, maana chawa na utitiri hupenda kujificha chini yake.

Usitegemee manyoya yarudi haraka. Unyoya uliong'olewa wote hukua tena baada ya wiki kadhaa, lakini uliokatika ukabakiza kijiti hukaa hivyo mpaka kuku abadilishe manyoya. Mtetea anaweza kuonekana mchakavu kwa miezi mingi baada ya tatizo kwisha, kwa hiyo pima maendeleo kwa ngozi.

Jogoo naye mshughulikie. Mtenge wiki mbili au tatu, kisha usiku mmoja mfunike kwa taulo, mtu mmoja amshike na mwingine anoe ncha za kucha na kipi kwa tupa. Punguza makali ya ncha tu mpaka iwe butu. Ndani ya kipi kuna mfupa hai wenye damu, na ukikata karibu na mguu utamtoa damu nyingi. Ipo desturi ya kuchomeka kiazi cha moto kwenye kipi ili gamba litoke kwa kuzungushwa. Iacheni. Inaunguza, inaacha mfupa wazi, na tupa hufanya kazi hiyo bila kumuumiza.

Akianza kuwarukia watu

Jogoo haruki ghafla, ila tu hatumtazami. Huacha kula. Hugeuza ubavu na kuja kwa hatua za pembeni, bawa la upande wako likiwa limeshushwa mpaka linakwaruza udongo. Husimama akadonoa chini pasipo na kitu. Manyoya ya shingo yanasimama kama ufagio. Baada ya hapo ndipo anaruka, miguu mbele, akilenga goti la mtu mzima au uso wa mtoto.

Visa vingi huanza akiwa na miezi mitano hadi mwaka mmoja, damu ya ujana ikichemka. Mtoto anayekimbia kati ya mitetea, mtu anayeingia bandani kwa kishindo kuchukua mayai, ndoo inayoyumba, gumboti jipya: vyote anavisoma kama jogoo mwingine aliyekuja kunyang'anya. Ukimpiga teke umekubali pambano, na kesho atakuja tena kulimalizia. Ukikimbia amekushinda, naye atakukumbuka.

Fanya hivi. Akianza kushusha bawa, simama. Usimpe mgongo wala usirudi nyuma. Shika beseni au kapu mbele ya magoti, kisha tembea polepole kuelekea pale alipo, mpaka yeye ndiye anayepisha. Endelea na shughuli zako kama kwamba hukumwona. Akiruka apige beseni, nawe usogee tena hatua moja mbele. Jogoo wengi wachanga huacha baada ya wiki chache za watu wote wa nyumbani kufanya vilevile. Hapo ndipo kazi hukwama, maana baba anatumia beseni, kijana anarusha mawe na mtoto anapiga mayowe. Kaeni mzungumze, muwe na njia moja.

Inasaidia pia kumbeba. Mchukue kichanjani alfajiri kabla hajaamka vizuri, mkumbatie chini ya kwapa mabawa yakiwa yamebanwa, utembee naye uani ukifungulia kuku na kuwapa maji, kisha umweke chini akiwa ametulia. Ukimtupa chini anapofurukuta utakuwa umemfundisha kwamba kufurukuta kunamfungua.

Na kuna mpaka. Mtoto wa miaka mitatu uso wake uko kwenye kimo kile kile cha kipi kinachoruka, na jicho halishonwi. Jogoo aliyemrukia mtoto mara mbili achinjwe au auzwe kwa kuchinjwa. Asiuzwe kwa mfugaji mwingine mwenye watoto bila kuambiwa ukweli. Mtu akichanwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, na aende kituo cha afya aulizie sindano ya pepopunda, kwa sababu kipi hukaa kwenye samadi na tundu lake huwa jembamba na la kina.

Kuwika

Huwezi kumfundisha jogoo asiwike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba saa ya kuwika iko ndani ya mwili wake: huanza takriban saa mbili kabla ya mwanga kuingia, na mzunguko huo huendelea hata akifungiwa mahali ambapo mwanga haubadiliki. Mwaka 2015 wakaongeza kwamba kwenye kundi, jogoo mkubwa wa cheo ndiye anayefungua, na wengine hufuata kwa ngazi zao. Kwa Mbale hiyo ni saa kumi alfajiri hivi, kabla hata ya adhana, na sauti yake karibu na kichwa chake hupita desibeli 100. Majogoo wanne ni mazungumzo ya saa nzima. Mmoja hufungua, akikosa wa kumjibu karibu, hunyamaza mapema zaidi.

Kinachoweza kupunguzwa ni mwanga na nafasi ya shingo. Jogoo hunyoosha shingo juu ndipo awike kwa sauti kamili. Mjengee sehemu yake ya kulala yenye dari ya chini, anayoweza kusimama kawaida bila kujinyoosha, na yenye giza. Matundu ya hewa yafunikwe kwa mbao zilizoinamishwa, hewa ipite na mwanga usipite, maana akikosa hewa chini ya mabati atakufa kwa joto. Taa ya usalama inayomulika banda igeuzwe au izimwe. Taa za barabarani na za bodaboda zinazokata kona humwamsha usiku wa manane akadhani kumekucha. Mfungulie saa moja asubuhi, mji ukiwa umeshaamka. Achana na vile vikanda vya kufunga shingoni asiweze kuwika. Kikibana kidogo tu, kwa joto letu, hukata pumzi.

Methali inasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Ukimleta kutoka Sironko au Budadiri atanyamaza siku kadhaa, halafu atawika. Usimwahidi jirani kwamba umepata jogoo asiyewika.

Na huyo jirani mwendee kabla hajakuja. Mwambie umeweka jogoo, umemtengenezea banda la giza, na kama anasumbua akwambie wewe kwanza. Trei ndogo ya mayai mara moja moja ni adabu njema. Ufaransa, mwaka 2019, mahakama ya Rochefort iliamua jogoo aitwaye Maurice aendelee kuwika kisiwani Oléron. Lakini hapa jirani yuko nyuma ya ukuta mmoja wa matofali, ana mtoto mchanga au ametoka zamu ya usiku, na shauri likifika kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, hata anayeshinda hupoteza ujirani.

Wa sikukuu

Njia ya kuepuka majogoo wanne wasio na kazi ni kuhesabu kurudi nyuma. Pora wa kienyeji huhitaji miezi sita hivi kuwa na nyama. Ukitaka wa Desemba, mayai yaatamiwe mwezi wa Mei. Mwaka wa imbalu, sherehe ya tohara, ambao kwa Bamasaaba ni mwaka wa shufwa, uzinduzi hufanyika Mutoto mwezi wa Agosti na wageni hawakatiki mpaka mwisho wa mwaka. Kwa Agosti, mayai yaatamiwe Januari. Wanaotokea nje ya majira hayo wauzwe wakiwa mapora, kabla hawajaanza kuwika na kula pumba bila faida.

Wakati wa kuwanenepesha wakae banda lao, mbali na macho ya mitetea. Madume waliokua pamoja bila jike huelewana vizuri, kila mmoja akijua nafasi yake. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliueleza mpangilio huo wa nani amdonoe nani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na unavunjika kwa urahisi: ukimtoa mmoja siku chache kisha ukamrudisha, wanapigana upya kana kwamba hawajawahi kuonana. Kwa hiyo ukimtoa, usimrudishe. Wakipigana wakatoka damu kwenye upanga wa kichwani, wote wenye damu watengwe na kuoshwa, kwa sababu wengine hawataacha kudonoa wekundu huo. Kuwapiganisha makusudi kwa ajili ya kutazama ni kosa chini ya sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na ukatili ni ukatili hata pasipokuwa na polisi.

Siku ya kuwapeleka sokoni tumia tenga. Kuning'iniza kuku kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda kutoka Nakaloke mpaka mjini kunamvunja miguu na kumbana pumzi.

Kumbadilisha

Jogoo mmoja akikaa muda mrefu ataishia kuwapanda mabinti zake, na vifaranga wataanza kupungua nguvu. Mbadilishe kila mwaka au mwaka na nusu, kwa kubadilishana na mfugaji wa mtaa mwingine. Wa zamani aondoke siku kadhaa kabla mpya hajaingia. Mpya akae peke yake wiki mbili hadi tatu, mbali na wenzake, ukitazama kinyesi, pumzi, na magamba ya miguu. Magamba yakiwa yameinuka na kuwa na unga mweupe, ana utitiri: mpake mafuta ya kupikia miguuni kila baada ya siku tatu mpaka yalale. Mchanje kideri kwa tone la jicho pamoja na kundi zima, na chanjo hiyo irudiwe kila miezi mitatu au minne. Kisha muweke nyuma ya waya siku mbili waonane bila kugusana, na usiku wa tatu umpandishe kichanjani kati ya mitetea waliolala. Mayai ya wiki tatu za mwanzo usiyahesabie damu mpya, kwani mbegu za yule wa zamani zinaweza kuwa bado zimo.